Tangu Lini Nyeupe Ikawa Doa

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hukalia kitu mpaka wakasahau kina mwenyewe. Nililigongea misumari kwa mkono wangu, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, ili mteja akivua kiatu apate pa kukaa wakati namkazia soli. Mpaka leo hakuna mteja aliyelikalia. Upande wa kulia yupo King'ora, aliyeendesha gari la wagonjwa mpaka macho yakamkatalia, na siku hizi anauza kahawa. Jiko lake kaliweka miguuni pangu bila hodi. Katikati yupo Darubini, muuza miwani, ambaye hajapata kuona kitu chochote duniani kilichofanywa kwa nia njema. Upande wa kushoto, ule uliobonyea, ni wa Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake ng'ambo ya barabara. Mimi wananiita Soli, na jina hilo sikuwaomba.

Siku hiyo Cheche alikuja kabla ya saa yake. Hakuketi. Alisimama anakagua zana zangu ukutani.

Cheche: Soli, lile koleo lako dogo la kung'olea vijimisumari liko wapi?

Mimi: Liko kazini.

Cheche: Niazime mara moja.

Mimi: Una makoleo ya kila ukubwa kule kwako.

Cheche: Yangu hayaingii mdomoni.

King'ora aliyekuwa akimimina kahawa akaacha kumimina.

King'ora: Mdomoni mwa nani?

Cheche: Mwa binti yangu. Akitoka shule anapitia hapa, namchukua karakana, nayatoa yale machuma.

Yule binti namjua tangu anavaa viatu vya kufunga kwa kifungo. Meno yake ya juu yalipandana, moja limemkalia mwenzake mabegani, na kila akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja. Mama yake ndiye aliyehangaika mpaka mtoto akawekewa vyuma vya kunyoosha meno. Baadaye mama akaondoka kwenda kumuuguza bibi, akamwacha binti na baba yake, na neno aliloliacha mlangoni lilikuwa moja: meno. Siku hizi binti ameanza kucheka bila kiganja. Nampenda yule mtoto, sifichi, na ndiyo maana maneno ya koleo yalinitia baridi.

Mimi: Vimefanya nini hivyo vyuma?

Cheche: Juzi nimempeleka kwa daktari wa meno. Kamtazama, kanigeukia, kasema, "Mzazi, mtoto ana madoa." Nikamuuliza, ya rangi gani? Kasema, meupe.

Darubini: Meupe?

Cheche: Meupe. Kila kijichuma kimezungukwa na lake. Na mimi nilishayaona kitambo, nikafurahi, nikajua meno yanatakata.

Darubini: Ngoja kwanza. Doa jeupe, kwenye jino jeupe.

Cheche: Ndo hivyo.

Darubini: Tangu lini nyeupe ikawa doa?

Swali lilikuwa zito. Doa ni la wino. Doa ni la mafuta, la matope, la kutu. Mtu akikwambia shati lako lina doa jeupe, utamtazama mara mbili. Mimi najua kwamba kiatu cheusi kikilowa jasho na kukauka, chumvi huacha mstari mweupe, na mstari ule ni ngozi inalia. Lakini sikusema. Sikutaka kumsaidia daktari mbele ya watu wangu.

King'ora: Alikueleza linatoka wapi?

Cheche: Kasema gamba la nje la jino, lile gumu, limeanza kulegea. Eti kuna uchafu unajibanza kandokando ya vyuma. Mtoto akila kitu kitamu, ule uchafu nao unakula, ukishakula unatoa asidi, na asidi inanyonya jino. Mwanzo linakuwa jeupe kama chaki, ukizembea linatoboka.

Darubini: Uchafu unakula.

Cheche: Ndivyo alivyosema.

Darubini: Na wenyewe una meno? Nani anaunyoosha?

King'ora: Mimi nimebeba wagonjwa wa kila namna kwenye lile gari. Sijawahi kumbeba mtu aliyeliwa na uchafu.

Cheche: Sasa sikilizeni kilichoniuma. Nikamwambia, daktari, hivi vyuma vyako ndivyo vinavyomharibu mtoto. Akanijibu, "Tatizo si vyuma, mzazi. Tatizo ni usafi." Usafi. Mlango uko wazi, watu wamejaa kwenye foleni, wananisikiliza. Mimi ambaye mama watoto hayupo, nafua mwenyewe, napika mwenyewe, sare ya mtoto naipiga pasi kabla sijanawa uso. Leo mtu kavaa koti jeupe ananiambia mwanangu mchafu.

Hapo akajifanya anakohoa. King'ora akampa kikombe. Hakukipokea.

Cheche: Kisha kaniambia turudi kesho. Akikuta hali ni ile ile, itabidi avitoe vyuma kabla kazi haijaisha, maana eti haina faida kunyoosha meno yanayooza.

Darubini: Eeh. Sasa umefika penyewe. Kazi imemshinda, anatafuta mlango wa kutokea. Anavunja katikati, lawama anakuachia wewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

King'ora: Daktari yuko nguoni mwa Cheche?

Darubini: Hiyo ni methali, usiivue nguo. Nachosema ni kwamba umepigwa changa la macho.

King'ora: Mimi nashuku gundi. Soli, vile vijichuma vimegandishwa na nini?

Mimi: Gundi, bila shaka.

King'ora: Na wewe ukitaka gundi ishike unafanyaje?

Niliulizwa kazi yangu nikajibu kazi yangu, hilo ndilo kosa la mafundi. Nikamwambia huwezi kupaka gundi juu ya ngozi inayoteleza. Kwanza unaikwaruza kwa msasa ipate ukakasi, ndipo gundi inapata pa kujishika.

Cheche akakaa. Akakaa taratibu, kwenye ule upande wake uliobonyea.

Cheche: Siku ya kwanza kabla ya kubandika alimpaka kitu. Mtoto alitoka akasema kilikuwa kichungu kama ndimu iliyooza.

King'ora: Unaona. Alimkwaruza. Jino limekwaruzwa tangu siku ya kwanza, leo anasema uchafu.

Darubini: Na baada ya hapo kakuagiza nini? Maana mtu mjanja hakosi maagizo.

Cheche: Mswaki kila baada ya kula. Dawa ya meno iwe yenye floridi. Halafu kuna kimswaki kingine chembamba, kama kile cha kusafishia chupa ya mtoto, cha kupitisha chini ya waya. Hicho nilikiacha palepale kaunta.

Darubini: Ulifanya vizuri. Mswaki wa kwanza umeshindwa kazi, analeta mdogo wake.

King'ora: Na kila baada ya kula? Bandu bandu huisha gogo. Mtu asugue jino asubuhi, mchana, jioni, litabaki jino au litabaki shina?

Cheche: Soda kasema apunguze. Pipi za kunata aache kabisa.

Darubini: Kwa nini?

Cheche: Sukari.

Darubini: Mbona sukari ya kwenye kahawa ya King'ora hakuikataza? Kaacha kahawa, kashika soda. Ana ugomvi na mtu wa soda, huyo. Fuatilia utakuta walisoma pamoja.

Kahawa ya King'ora ina sukari ambayo kijiko kinasimama wima ndani yake, na hakuna hata mmoja pale benchini mwenye magego yote. Nilitazama vinywa vilivyokuwa vinamhukumu daktari wa meno, nikahesabu mapengo, nikarudi kwenye kiatu changu.

King'ora: Kuna kitu nataka kukuuliza, Cheche, lakini usistuke. Mtoto huwa anaimba?

Cheche: Anaimba, ndiyo.

King'ora: Nyimbo za redioni kwenu?

Cheche: Sasa umesema. Majuzi alikuwa anaosha vyombo anaimba wimbo ambao redio yangu haijawahi kuupiga.

King'ora: Basi mimi sisemi tena. Kwenye gari tulikuwa na waya mmoja juu ya paa, tunapokea mji mzima. Yeye anao juu na chini.

Mimi: King'ora, ule wimbo mtoto kaupata shuleni.

King'ora: Na shuleni kaupata kwa kutumia nini?

Darubini: Hayo ya redio ni madogo. Mnaangalia kidole, mimi naangalia kinakoelekeza. Jino ni nini? Jino ni chokaa. Daktari mwenyewe kakiri kwamba chokaa inatoka. Inatoka inakwenda wapi?

Cheche: Wapi?

Darubini: Wewe ulipoingia kliniki, kuta zilikuwa rangi gani?

Cheche akamtazama.

Cheche: Nyeupe.

Darubini: Nyeupe ya kawaida?

Cheche: Nyeupe sana.

Darubini: Nimemaliza.

Nilitaka kucheka lakini Cheche hakuwa anacheka. Mtu aliyeaibishwa mbele ya foleni anaweza kuamini chochote, hata kwamba jino la mwanawe limepakwa ukutani, ili mradi asiamini kile alichoambiwa. Uso wake ulikuwa umekaza kama siku ile geti lake lilipomwangukia mteja.

Cheche: Mimi niko kwenye chuma tangu ujana. Chuma nakijua kuliko daktari yeyote. Chuma hakikai mahali pa maji kikaacha kufanya vurugu, na mdomo ni maji mchana kutwa. Kitu kinachoharibu meno ya mwanangu ni kile chuma, na leo nakitoa. Kesho daktari akae na kiti chake. Soli, leta koleo.

Mimi: Cheche, sikiliza. Soli iliyokamatwa na gundi nzuri, ukiivuta kwa nguvu, haiji peke yake. Inaondoka na ngozi.

Cheche: Nitavuta polepole.

Mimi: Polepole ndiyo inaondoka na ngozi vizuri zaidi.

Darubini: Mpe mtu koleo, bwana. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Chuma kinatolewa na chuma.

King'ora: Na samaki mkunje angali mbichi. Vikikaa sana vitaota mizizi.

Nikampa. Nililifuta kwa kitambaa nikampa, kwa sababu ni rafiki yangu, na kwa sababu watatu walikuwa wananitazama. Akalifungua na kulifumba, akajaribu kubana ncha ya ukucha wake. Niliogopa.

Ndipo alipofika mama mmoja, mgeni pale kwetu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kisigino kinaning'inia. Akatafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, na hakuna aliyesogea. Akasimama kwa mguu mmoja akisubiri nimalize, na masikio hayana kifuniko, akasikia tukiyarudia yote: madoa, kuta, koleo.

Yule mama: Samahani, baba. Huyo mtoto anapiga mswaki vipi?

Darubini: Wewe umetumwa na nani?

Yule mama: Nimetumwa na kisigino.

Darubini: Unafanya kazi ile kliniki?

Yule mama: Nafanya kazi ya kupiga mihuri barua, jengo la posta pale. Nina watoto, nimeuliza tu. Anapiga mswaki vipi?

Cheche: Anapiga. Asubuhi na usiku. Namsikia maji yanatiririka.

Yule mama: Ya maji nimesikia. Mswaki unapita wapi?

Cheche alimtazama King'ora. King'ora alimtazama Darubini. Darubini alishusha miwani aliyokuwa ameivaa, akaisafisha kwa shati, akaivaa tena. Tulikuwa tumezungumza jino lile tangu kahawa ikiwa ya moto, tukaligeuza redio, tukaligeuza rangi ya ukuta, na hakuna mwanamume kati yetu aliyewahi kumwona yule mtoto akipiga mswaki.

King'ora: Mswaki ni mswaki, mama. Unapita kwenye meno.

Yule mama: Meno yana mbele na nyuma, na yeye ana vyuma katikati. Ndo maana nauliza.

Darubini: Maswali mengi kwa mtu mwenye kiatu kimoja.

Binti akatokea wakati huohuo, akivuka barabara kutoka upande wa shule, begi mgongoni, anamwangalia baba yake kwanza halafu kile alichoshika. Alitusalimia wote kwa zamu, shikamoo ya kila mtu na jina lake, kama mama yake alivyomfundisha. Alipofungua mdomo niliyaona yale madoa. Yalikuwa pale kweli, meupe, kila kijichuma kimezungushiwa mstari wa chaki. Si weupe wa kutakata. Ni weupe wa kile kiatu kilicholowa jasho, na mimi nilikuwa nimekaa kimya nao mchana wote.

Cheche: Mwanangu, weka begi. Twende karakana mara moja.

Binti: Kufanya nini, baba?

Cheche: Tukavitoe hivyo. Vinakuharibu.

Kiganja cha mtoto kikapanda kikaziba mdomo. Sikuwa nimekiona kiganja kile kwa muda mrefu.

Yule mama akamwinamia, kiatu chake bado mkononi, akaongea naye kama vile sisi wengine tulikuwa mawe.

Yule mama: Mwanangu, hebu niambie. Ukipiga mswaki, unapiga wapi?

Binti: Kwenye ncha. Na kwa nyuma.

Yule mama: Na huku mbele?

Binti: Huku mbele sigusi. Navizunguka.

Yule mama: Kwa nini?

Binti: Vikilowa vitashika kutu.

King'ora akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake.

Yule mama: Daktari ndiye kakwambia hivyo?

Binti: Hapana. Daktari alisema nipige juu na chini ya kila chuma, taratibu. Alisema hivi havishiki kutu.

Yule mama: Sasa nani kakukataza?

Mtoto alitazama miguu yake, viatu nilivyomshonea mwenyewe mwanzo wa muhula. Darubini aliinuka nusu, nadhani alitaka kusema kitu kuhusu daktari, akarudi chini. Na mimi nilikuwa namtazama Cheche, ambaye hajawahi kutoa geti kwenye karakana yake bila kumwonya mteja asiliache likalowa, litashika kutu. Rangi ilikuwa inamtoka usoni taratibu, kuanzia kwenye paji.

Cheche: Daktari alikuuliza pia?

Binti: Kila tukienda. Wewe unakuwa bado umekaa nje, hujaitwa. Huwa ananiuliza nani kanizuia kupiga mswaki kwenye vyuma, namwambia sijui. Mara ya mwisho nilimwambia nasahau.

Cheche: Ukasema unasahau.

Binti: Ndiyo.

Cheche: Akakuona mzembe.

Binti: Si kitu, baba.

Alisema hivyo kwa upole, hana kinyongo hata chembe, na ndilo neno lililoniumiza kuliko yote yaliyosemwa kijiweni kwangu tangu nilipoligongea lile benchi misumari. Kisha akashusha kiganja kutoka mdomoni ili asikike vizuri.

Binti: Lakini jana mama kapiga simu, naye kaniuliza hivyohivyo. Na kesho daktari atauliza tena. Baba, niendelee kusema sijui?

King'ora aliinua birika akaona ni jepesi, akalirudisha jikoni bila kelele. Cheche alikuwa na koleo langu mkononi na mdomo wazi kidogo, na binti yake amesimama mbele yake na begi mgongoni, anasubiri aambiwe aseme nini.